Papai, stafeli, fenesi na ukwaju hazijaota: zimelala, zimekufa, au zinangoja joto?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina kitalu kidogo cha miche hapa Lushoto, na wateja wangu wengi hupanda mlima kuja kwangu kutoka Mombo na Korogwe. Mwezi wa nne nilikusanya Muheza mbegu za papai, stafeli na fenesi. Za ukwaju nilizipata Mombo. Zote nilizianika juani wiki mbili, nikazitia kwenye chupa, nikazisia mwanzoni mwa Juni. Leo ni siku ya 45. Papai zimeota 7 kati ya 200, ukwaju 9 kati ya 50, stafeli na fenesi hakuna hata moja. Muuza pembejeo kaniambia mbegu zimelala, kwa hiyo nizimwagie maji yanayochemka halafu ninunue dawa ya kuamsha. Kila aina nimebakiza nusu chupani. Nifanye alivyosema?

Jibu:

Marahaba dada yangu. Maji yanayochemka yaweke kando kwanza. Kati ya mbegu zako nne, ni moja tu inayoweza kufaidika nayo, na hata hiyo ina njia iliyo salama zaidi. Papai na stafeli ukizimwagia utakuwa umezipika. Fenesi haitapata hasara mpya kwa sababu, nasikitika kukuambia, zilikufa zikiwa bado kwenye mkeka.

Watu wengi huita kila mbegu isiyoota "iliyolala". Mbegu iliyolala kweli ni ile iliyo hai, yenye maji, hewa na joto la kuitosha, na bado haioti kwa kuwa kuna kizuizi kwenye ganda lake au ndani ya kiini. Mbegu iliyokosa joto haijalala, inangoja. Iliyooza ndani imekufa, na hakuna dawa dukani ya kuifufua. Chupa yako ilichanganya hali hizi zote tatu, ndiyo maana ushauri mmoja kwa zote hauwezi kuwa sahihi.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chukua wembe. Fukua mbegu tano za kila aina kitaluni, zioshe, uzipasue katikati kwa urefu. Mbegu hai ina nyama nyeupe au ya maziwa, ngumu, isiyo na harufu. Iliyokufa huwa imegeuka kijivu au kahawia, imelainika kama jibini, au imebaki ganda tupu lenye maji. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na hunishangaza kwamba wenye vitalu wachache sana wanakitumia kabla ya kumwaga udongo wao.

Nianze na fenesi ili tumalize habari za msiba. Mwaka 2005, huko Ketura nchini Israel, mbegu ya tende iliyofukuliwa kwenye magofu ya Masada, yenye umri wa takriban miaka 2,000, ilisiwa ikaota. Mbegu ya tende ikikauka hubaki hai ndani, kama moto uliofunikwa majivu. Ya fenesi haina uwezo huo. Inatoka kwenye tunda ikiwa imejaa maji, na kukauka kwake ndiko kufa kwake. Mwaka 1973 mtaalamu wa mbegu E. H. Roberts alizigawa mbegu za dunia katika makundi mawili kwa kigezo hicho: zinazovumilia kukaushwa na zisizovumilia. Katika kundi la pili wamo fenesi, embe, parachichi, shokishoki, doriani, zambarau na kakao. Mwisho wa msimu, pasua fenesi lililoiva kupita kiasi na mara nyingine utakuta mbegu imeshatoa mzizi humo humo ndani. Mbegu ya namna hiyo haihitaji kuamshwa, inahitaji kuwahiwa.

Msimu ujao, ukila fenesi leo, sia leo au kesho. Osha uteute wake, loweka usiku mmoja, laza mbegu kwenye mchanga wenye unyevu. Ukilazimika kusafiri nazo, zifungie kwenye vumbi la makumbi ya nazi au unga wa mbao ulioloweshwa kidogo, kwenye mfuko wenye matundu, na usizitie kwenye friji, maana baridi nayo huziua. Zikitunzwa hivyo zinaweza kufika mwezi. Embe ni vivyo hivyo, ila fungua kokwa kwa mkasi wa kupogolea utoe kiini, ukipande upande uliobinuka ukielekea juu. Kiini kisicho na kokwa huota mapema, na utaona kabla ya kupanda kama mdudu wa kokwa ameshakila. Mbegu ya parachichi, ichubue ngozi ile ya kahawia. Kwa hizi zote, ukisikia mtu anasema "anika kwanza", usimsikilize.

Papai ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi, na ndiyo naamini utaokoa.

Pasua papai bivu ulitazame. Mbegu mamia kwa mamia zimekaa kwenye unyevu na joto, miezi kadhaa, na hazioti. Kwa nini? Kila mbegu imevikwa kifuko cha uteute unaoteleza, na ndani ya uteute huo mna kemikali zinazozuia kuota. Kwa mmea ni hekima: mbegu ikiota ndani ya tunda inakufa na tunda. Porini, ndege au popo hula tunda, uteute huo hutoka, mbegu inaangushwa mbali ikiwa imesafishwa. Sisi tunaotoa mbegu kwa mkono tumeshika kazi ya popo, lakini wengi tunaiacha nusu. Tunaanika mbegu na uteute wake, unakauka ukawa ngozi nyembamba inayong'ang'ania, na kizuizi kinabaki pale pale. Kama mbegu zako chupani zina ngozi ya kijivu inayobanduka ukiisugua kwa kucha, basi ndivyo ilivyokuwa.

Kuna kosa la pili. Papai haimo kabisa katika kundi la tende wala la fenesi, iko katikati. Mwaka 1990 watafiti Ellis, Hong na Roberts walilitambulisha rasmi kundi hilo la kati kwa kuichunguza mbegu ya kahawa, na papai nayo huwekwa humo. Kukauka kiasi inavumilia, lakini wiki mbili za jua kali zinaipeleka mbali mno. Nyingine hufa, na nyingine hulala usingizi ambao hazikuwa nao zilipotoka kwenye tunda. Usingizi huu wa kukaushwa ulichunguzwa na watafiti waliohusiana na hazina ya mbegu ya Kew, Uingereza. Matokeo yao ya mwaka 2000 yalinivutia sana: mbegu za papai zilizokaushwa, baada ya kunyonya maji, ziliamka kwa kupewa joto la nyuzi 36 kwa saa chache tu. Hapakuwa na dawa, ni joto la mchana wa jua kali wa Korogwe. Hilo ndilo Lushoto, mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, isingeweza kuzipa mwezi wa Juni.

Zile za papai zilizobaki chupani fanya hivi. Loweka usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu. Asubuhi zisugue juu ya chekeche pamoja na mchanga mkavu au majivu hadi ngozi yote itoke na uguse mikwaruzo ya ganda lenyewe. Suuza mara kadhaa. Zimimine kwenye beseni la maji, zinazoelea uzitupe bila huruma. Kwa papai kuelea ni ushahidi mzuri, kwa mbegu nyingine si mara zote. Kisha, kama una mteja anayenunua mbolea za banda-kitalu, mwombe potasiamu naitreti kidogo. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Hawaii walionyesha kwamba dakika 15 ndani ya mmumunyo wake huongeza kuota kwa papai. Kiasi ni gramu 100 kwa lita moja ya maji. Ni dakika 15, si usiku kucha, maana chumvi hiyo kwa wingi huo huunguza. Suuza, sia, tia joto.

Msimu mwingine hutahitaji hata hayo. Chukua mbegu za tunda lililoiva mtini, ziache kwenye maji siku mbili au tatu mpaka uteute uanze kuchacha, sugua, osha, anika kivulini siku mbili tatu, sia ndani ya wiki chache.

Sasa stafeli. Hapa nakuomba usiguse kitalu chako mpaka umalize kusoma.

Nilipokuwa kijana, kwenye kitalu nilichokuwa nikisimamia nyanda za juu, nilisia trei za stafeli zikakaa siku 38 bila dalili yoyote. Nilikuwa na haraka ya nafasi, nikaagiza zimwagwe kwenye lundo la mboji. Wiki tatu baadaye nilipita pale kuchota mboji nikakuta miche ya stafeli imejaa ubavuni mwa lundo, imenyooka, ya kijani kilichokolea. Iliniuma, kwa sababu mwenye mbegu alikuwa ameshakata tamaa na kuondoka. Mbegu hazikuwa mbovu. Lundo la mboji lilikuwa na joto, na trei zangu hazikuwa nalo.

Mbegu za ukoo wa stafeli, topetope na matomoko zina tabia mbili zinazozichelewesha. Ganda ni gumu, ingawa maji hupita polepole. Na muhimu zaidi, tunda likiiva kiinitete, yaani mche mchanga ulio ndani ya mbegu, bado ni kidogo mno, kama ncha ya sindano ndani ya akiba kubwa ya chakula. Kinahitaji kukua kwanza humo ndani, ndipo kiweze kusukuma mzizi nje. Kukua huko kunategemea joto. Mahali pa moto stafeli huota ndani ya siku 15 hadi 30, mahali pa baridi inaweza kwenda miezi miwili au mitatu. Siku 45 za Juni na Julai huko kwenu si muda wa kukata tamaa hata kidogo. Na kukausha kwako hakukuziua, kwa sababu mbegu za ukoo huu huvumilia ukavu.

Ukipasua zile tano ukakuta nyeupe na ngumu, usimwage kiriba hata kimoja. Zitafutie joto.

Na joto unaweza kulitengeneza bila umeme. Chimba tuta la kina cha futi moja na nusu, shindilia samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na majani makavu unene wa futi moja, mwagilia, acha siku nne tano joto la kwanza lipungue, kisha funika kwa mchanga wa mtoni sentimita 10. Panga viriba au trei juu yake. Pinda fito, tandika nailoni nyeupe juu. Tia kipimajoto kwenye mchanga kabla jua halijachomoza na tena saa nane mchana. Unataka alfajiri isishuke chini ya nyuzi 20, na mchana uwe kati ya 25 na 32. Kama huna samadi ya kutosha, dari ya juu ya jiko la kuni inafaa kabisa kwa trei, mpaka mbegu ya kwanza itoe kichwa. Hapo ishushe kwenye mwanga siku hiyo hiyo, la sivyo miche itarefuka na kupauka.

Joto na unyevu chini ya nailoni hukaribisha kinyausi, ule ugonjwa unaokata mche shingoni ukalala chini kama umefyekwa. Inua nailoni kila mchana. Usitumie samadi kwenye udongo wa kusia, tumia mchanga safi. Na yale maji yanayochemka uliyoshauriwa, mahali pake ni hapa: yamwage kwenye mchanga kabla ya kusia, uuache upoe. Yanaua vimelea vingi na hayadhuru mbegu yoyote.

Neno moja la pembeni kuhusu stafeli. Kama wateja wako wanarudi nayo Mombo na Korogwe, endelea. Lakini mtu wa Lushoto akitaka kuipanda kwake, mwambie ukweli kwamba mstafeli ni mti wa joto na hapo juu utamsumbua. Muuzie mtomoko (cherimoya), nduguye anayependa baridi ya milimani. Mbegu yake huamshwa kwa njia ile ile.

Ukwaju ndiyo pekee hapa yenye usingizi wa ganda. Kwa kunde na miti mingi ya jamii yake, tabaka la nje la ganda lina seli zilizojipanga wima kama fito za ukuta, zimebanana na kutiwa nta kiasi kwamba tone la maji haliingii. Mbegu inaweza kukaa mwaka ndani ya udongo uliolowa ikiwa kavu rohoni. Ila katika gunia moja la ukwaju utakuta zenye ganda la kupitisha maji na zisizopitisha zimechanganyika, ndiyo maana 9 zako ziliota na 41 zikanyamaza. Usizitese zote. Loweka ulizobakiza saa 24 kwenye maji ya kawaida. Zilizovimba, zisie. Zilizobaki ndogo na zinazong'aa vile vile ndizo zenye tatizo, na hizo chukua kikata kucha au msasa ukwangue sehemu ndogo ya ganda, upande ulio mbali na kovu ambapo mbegu ilishikana na ganda la ukwaju. Kwangua mpaka rangi nyeupe ianze kuonekana, ukome hapo. Loweka tena usiku mmoja, zitavimba mpaka ushangae. Mbegu hamsini ni kazi ya nusu saa ukiwa unaangalia ugali. Kama ni debe zima, hapo ndipo maji ya moto yana haki yake. Yachemshe, yaipue, ngoja dakika chache yaache kutokota, mimina mbegu humo, maji yawe mara tano ya ujazo wa mbegu, uyaache yapoe nazo mpaka asubuhi. Usiziache juu ya moto. Mbuyu una ganda gumu kuliko hilo, na kwangu mimi msasa au tupa umeshinda maji ya moto kila mara. Na usijaribu kusia ubuyu wa rangi unaouzwa barabarani, huo umeshapikwa na sukari.

Tindikali ya betri, ambayo nasikia baadhi ya vitalu huitumia kwa ukwaju na mbuyu, niahidi hutaileta nyumbani kwenye watoto. Maabara huitumia wakiwa na miwani na glovu. Kikata kucha hufanya kazi ile ile.

Umebaki ule ushauri wa dawa. "Dawa ya kuamsha" wanayouza karibu wote ni jibereliki asidi. Historia yake itakusaidia kuitumia. Mwaka 1926 mtafiti Mjapani Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba kuvu fulani hutoa kitu kinachofanya miche ya mpunga irefuke ovyo hadi ianguke. Kitu hicho baadaye kikaitwa jiberelini, na ikajulikana kwamba mimea yenyewe huitengeneza, na kwamba ndiyo ishara inayoiambia mbegu ianze kuvunja akiba yake ya chakula. Kwa hiyo ina faida ya kweli kwa stafeli, matomoko na papai. Na kwa kuwa ndiyo ile ile iliyokuwa ikiangusha mpunga, ukizidisha utapata miche mirefu membamba kama uzi isiyosimama. Haisaidii ukwaju ambao ganda lake halijakwanguliwa, kwa sababu haiingii. Fenesi iliyokufa haiwezi kuirudisha.

Ukiamua kuinunua, gramu moja inatosha lita mbili za maji, yaani miligramu 500 kwa lita. Unga wake hauyeyuki vizuri majini, uyeyushe kwanza kwenye kijiko cha spiriti. Loweka stafeli saa 24, suuza, sia. Tengeneza kiasi cha siku hiyo tu, nguvu yake hupungua ikikaa. Wakulima wengine hutumia maji ya dafu. Si ushirikina, maana tangu mwaka 1941 mwanasayansi van Overbeek alionyesha kwamba maji ya nazi yana kitu kinachosaidia viinitete vichanga kukua, na leo tunajua yana homoni za ukuaji. Lakini sukari yake huita ukungu, kwa hiyo loweka usiku mmoja tu, uoshe vizuri. Mimi ningetumia fedha yako kwanza kwenye kipimajoto na nailoni, kisha hiyo dawa kama imebaki.

Kwa hiyo, dada, wiki hii pasua zile tano tano. Mashimo ya fenesi yafukue uyapande kitu kingine. Stafeli zihamishie kwenye tuta la samadi na viriba vyake. Papai za kitaluni pasua kwanza, na kama ni nyeupe zihamishe nazo. Ukwaju zilizonyamaza udongoni zifukue, uzikwangue, uzirudishe. Ulizobakiza chupani zitenganishe kila aina na chupa yake, uandike tunda, mahali na tarehe, na kabla ya kusia trei kubwa jaribu ishirini kwenye kitambaa kibichi ndani ya mfuko juu ya dari ya jiko. Baada ya kupasua stafeli niandikie umeona rangi gani ndani, na kipimajoto kimesoma ngapi alfajiri.